Muwa Mchana wa Ramadhani

Mchovya asali huchovya mara moja tu. Hivyo ndivyo methali ilivyosemwa nyumbani kwa Mzee Haidari, na mgeni aliyethubutu kuwasahihisha aliambiwa akae kitako asimuliwe. Kwingine watu wachovye, warudie, warambe hadi vidole. Kwa Haidari asali ilikuwa na mchovyo mmoja, na baada ya huo ulikuja udongo wa kaburi.

Walikuwa na sababu yao. Kaka mkubwa wa Haidari, Bwanaheri, aliugua kisukari tangu miaka ile ya foleni, wakati kilo ya sukari ilipatikana kwa kujuana. Ruksa ya biashara ilipokuja na maduka yakafurika, Bwanaheri alikwenda harusini Chumbi, akanywa chupa nzima ya soda ya machungwa, akacheka na wenziwe, akalala. Asubuhi walimkuta wa baridi. Kwamba alikuwa ameacha dawa muda mrefu kabla ya harusi hiyo, hilo halikusemwa na mtu. Soda ilionekana, dawa iliyoachwa haikuonekana. Soda ikabeba lawama yote.

Kwa hiyo Haidari naye alipopatikana na ugonjwa uleule, akalazwa Dar es Salaam, akarudi Ruaruke na vichupa vya insulini na bomba la sindano la kioo, mdogo wake Mrisho aliingia jikoni bila hodi. Alibeba sukari, akabeba asali, akabeba na kopo la maziwa matamu, akavimwaga vyote mtoni.

"Samaki wataugua, shemeji," alisema Mwanabaraka, mke wa Haidari.

"Waugue wao," Mrisho akajibu. "Mimi kaka nimebakiwa na mmoja."

Tangu siku hiyo sukari haikutajwa nyumbani ila kwa sauti ya chini, kama watu wanavyomtaja nyoka penye giza.

Binti yao, Muzdalifa, alikuwa kidato cha tatu. Baiolojia ilifundishwa kwa Kiingereza, naye alikuwa na desturi ya kulala kitandani bwenini akiligeuza kila somo kwa Kiswahili mpaka likae sawa. Lisilokubali kukaa katika Kiswahili, alisema, bado hajalielewa. Siku moja ya Shaabani, shule ikiwa imefungwa, baba yake alimwuliza wanafundishwa nini huko kuhusu hii sukari inayomla. Muzdalifa akavua ushanga wa shingoni, akauweka kwenye kiganja cha mzee.

"Tazama, Baba. Punje ya wali, ukiipasua ndani, ni mkufu. Shanga zake ni sukari ndogondogo, jina lake glukosi, zimeshikana maelfu kwa maelfu. Mkufu huo ndio wanga. Tumbo kazi yake ni kukata uzi, shanga ziingie kwenye damu moja moja. Na hiyo insulini yako ndiyo inayozifungulia mlango, zitoke kwenye damu ziingie mwilini zikafanye kazi."

"Na muhogo?"

"Mkufu."

"Ugali?"

"Mkufu, Baba."

"Laa! Kumbe miaka yote hii nimejaza vito tumboni kama bibi harusi."

Wakacheka. Muzdalifa akaendelea kumweleza kwamba shanga zinazosalia, ini huzitunga upya na kuziweka akiba, kama mpunga ghalani, mtu akifunga au akilala ziteremshwe kidogo kidogo. Akamwambia kwamba ubongo wa mtu hutegemea shanga hizo kuliko chakula kingine chochote, na ukizikosa, kwanza mtu huropoka, kisha huanguka, kisha huzimika. Aliyasema yote, tena kwa ufundi. Lakini baba yake alikwisha kuondoka na neno moja tu: wali nao ni sukari.

Ramadhani ikaingia mpunga ukiwa umeanza kutia maziwa, na ndege wakashuka kama mvua. Familia ilikuwa imekwisha kuhamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, ng'ambo ya mto, ambako watu wa Rufiji hulala, hupika na kuamia ndege mpaka mavuno. Kutoka sakafu ya dungu kamba zilitawanyika kila upande zikiwa zimefungwa makopo matupu. Mtu akivuta, shamba zima linapiga kelele. Kazi ya Haidari ilikuwa kukaa juu na kuvuta. Muzdalifa alikuwa chini na teo lake, akirusha madonge ya udongo. Vichupa vya dawa vilikaa ndani ya mtungi uliozungushiwa gunia bichi, kivulini chini ya sakafu.

Siku moja, alasiri ikikaribia, makopo yalianza kulia vibaya.

Muzdalifa aliusikia ubaya wake kabla hajaelewa. Baba yake alikuwa na mvuto wake: mara mbili kwa nguvu, akapumzika. Sasa makopo yalilia mfululizo, yakanyamaza, yakatetemeka taratibu kama meno ya mtu mwenye homa. Ndege walikuwa wametua tele upande wa mashariki, na hakuna kamba ya upande huo iliyoguswa. Akaita. Juu kulikuwa na kicheko.

Baba yake hakuwa mtu wa kucheka peke yake.

Alipanda ngazi ya magogo mbio. Haidari alikuwa ameketi, kamba zimemzunguka mikono, kanzu imelowa ikamgandia mgongoni. Jasho lilimchuruzika usoni, na Muzdalifa alipomshika shavu, lilikuwa baridi kama tumbo la samaki. Vidole vyake vilitetemeka, na kamba zikatetemeka navyo, na makopo mbali huko shambani yakajibu.

"Bwanaheri," Haidari alisema, ulimi mzito, akitazama pembe ya dungu isiyokuwa na mtu. "Sogea. Nipe nafasi nami nikae."

Mwanabaraka, aliyekuwa akipepeta mchele upande wa jikoni, aliacha ungo ukaanguka. Mchele ukamwagika kati ya mianya ya sakafu, punje zikidondoka chini majini.

"Anamwita marehemu," mama alinong'ona. "Muzdalifa, anamwita marehemu!"

Akapiga ukelele, na Mrisho, ambaye dungu lake lilikuwa shamba la pili, akaja akipasua maji ya tope hadi magotini. Alipopanda na kumwona kaka yake, rangi ilimtoka. Haidari alimwangalia bila kumjua, akajaribu kumpiga, mkono ukaanguka kabla ya kufika.

"Imempanda," Mrisho alisema. "Sukari imempanda kichwani. Bwanaheri alianza hivihivi."

"Bwanaheri alilala, hakuna aliyemwona," Muzdalifa akasema.

"We mtoto, nyamaza! Shemeji, amekula nini huyu?"

"Nini mchana wa Ramadhani, Mrisho? Amefunga."

"Basi amekula daku. Alikula nini daku?"

"Samaki na mchicha. Wali hagusi sasa, anasema wali ni shanga."

Neno hilo la shanga lilikuwa la Muzdalifa mwenyewe. Akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama. Sindano ya asubuhi alichoma?"

"Alichoma."

"Alichoma halafu hakula wali?"

Mwanabaraka akamtazama mumewe, akamtazama shemeji yake, akashusha macho. "Alichoma zote mbili," alisema. "Ya asubuhi na ya jioni. Ya jioni wakati wake ni kabla ya futari, jua halijazama, na msikitini walibishana kama sindano inafunguza. Wengine wakasema ndiyo, wengine hapana. Baba yako akasema hatochezea funga yake kwa maneno ya kubishaniwa. Tangu juzi anazichoma pamoja, kabla ya adhana ya alfajiri. Akaniapisha nisiseme."

Milango yote imefunguliwa, Muzdalifa aliwaza, na ndani hakuna kitu. Dawa ya siku nzima imeingia kwa mpigo mmoja. Tumboni hakuna mkufu wa kukatwa. Ghala la ini limefagiliwa tangu juzi. Na kule juu, nyuma ya macho yale yanayomwona marehemu, ubongo unakufa njaa kwenye shamba la mpunga.

"Haijampanda," alisema. "Imemwishia. Baba Mdogo, sukari imemwishia! Apewe tamu sasa hivi."

Mrisho alimgeukia polepole, kana kwamba amesikia tusi lisilotamkika.

"Rudia."

"Apewe sukari."

"Mgonjwa wa sukari, apewe sukari." Mrisho alicheka kicheko kikavu. "Huu ndio udaktari wa kidato cha tatu. Nyumba ikiungua, mimina mafuta ya taa. Sikiliza, binti. Ukimtia huyu tamu mdomoni, saa hii, mwezi huu, umemuua mara mbili. Umeua mwili, umeua na funga. Kwa Mungu utakwenda kusema ulisoma kitabu?"

"Mgonjwa ana ruhusa ya kula, Baba Mdogo. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Kula dawa! Si kula kilichomuua kaka yake!"

Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kipaji cha Haidari, akaanza kusoma dua. Alisoma vizuri, na sauti yake ilitetemeka. Muzdalifa hakuweza hata kumchukia. Mtu yule alikuwa na hofu hadi kwenye nyayo, na hofu yake ilikuwa na kaburi la kuonyesha. Hofu ya Muzdalifa ilikuwa na nini? Maneno ya mwalimu ubaoni, na ngozi ya baba iliyo baridi na maji. Hakukuwa na kipimo. Zahanati na nesi wake, Theopista, ilikuwa ng'ambo, mtumbwi na nusu siku ya mguu. Kama Mrisho ndiye aliyesema kweli, kila tone la tamu lingekuwa koleo la udongo. Angeishi vipi, yeye aliyemuua baba yake kwa mkono wake mchana wa Ramadhani, baba akiwa na kiu?

Akajilazimisha kukumbuka. Sukari ikimpanda mtu hukauka, hunywa maji kama mchanga, hukojoa usiku kucha, na huchukua siku kuanguka. Huyu ameloa chapachapa. Huyu asubuhi alikuwa akitania.

Haidari akaacha kuzungumza na Bwanaheri. Kope zikashuka nusu, weupe wa macho ukabaki.

Muzdalifa aliukwapua upanga uliokuwa mlangoni, akashuka.

Nyumbani sukari ilimwagwa, lakini hakuna aliyefikiria kung'oa miwa. Ilikuwa kichaka kimoja tu ukingoni mwa mto, ya mwaka uliopita, pale apitapo kiboko kila usiku. Njia yake ilionekana wazi, nyasi zimelala, na nyayo zake pana bado zilikuwa zikijaa maji. Muzdalifa alisimama. Kutoka ndani ya matete palitoka mpumo mmoja mzito, kama mtu anayezima taa kubwa. Nyuma yake, dunguni, mama yake alianza kulia kwa sauti ya kilio cha msiba, na sauti hiyo ndiyo iliyomsukuma. Alikata muwa mmoja, mnene, karibu na shina, akakimbia bila kugeuka.

Mrisho alikuwa amesimama juu ya ngazi, miguu ameitanua.

"Hupandi na hicho."

"Nipishe, Baba Mdogo."

"Nimesema hupandi."

"Mrisho!" Mwanabaraka alipiga kelele. "Anatupa mikono! Njoo umshike!"

Haidari alikuwa ametupwa ubavu, mwili umekakamaa, unaruka, na kamba zilizomzunguka zikavuta makopo yote ya shamba kwa pamoja. Ndege wakainuka wingu zima. Mrisho akageuka kumshika kaka yake asianguke chini, na Muzdalifa akapita.

Hakukuwa na kinu karibu wala wakati wa kutwanga. Aliumenya muwa kwa meno, akauma, akatafuna, na utamu ukamjaa mdomoni pamoja na funga yake yenyewe iliyovunjika. Akayatema maji yake katika kikombe. Akauma tena. Sukari ya muwa ni shanga mbili tu zilizoshikana. Haina mkufu mrefu wa kungojea kukatwa. Wali ungechelewa. Muwa ungewahi, kama bado kulikuwa na cha kuwahi.

Mwili wa baba ulikuwa umelegea sasa. Muzdalifa akamlaza ubavu asipaliwe, akachovya kidole, akapaka ndani ya shavu, kwenye ufizi. Akachovya tena. Mrisho akamdaka mkono.

"Mwuaji!"

Mwanabaraka hakuwahi hata siku moja kumwinulia shemeji yake sauti. Hata sasa hakuinua. Alikishika kiganja cha Mrisho na kukibandua kwenye mkono wa binti yake, kidole baada ya kidole, kama mtu anavyombandua kupe.

"Ulipomwaga sukari yangu nilinyamaza," alisema. "Sasa nyamaza wewe."

Mrisho akarudi nyuma, akaegemea nguzo, akafunika uso.

Hakuna kilichotokea. Muzdalifa alipaka, alitafuna, alitema, alipaka. Pumzi ya baba ilikuwa na mkoromo. Nzi alitua kwenye mdomo wake, na mdomo haukumfukuza. Muda ule ulikuwa mpana kuliko mto. Nimemuua, aliwaza. Nimemuua, na mama amenisaidia, na huyu kwenye nguzo atalisema hilo kwenye kila msiba mpaka nizeeke. Mkono wake uliendelea kwa sababu haukujua kitu kingine cha kufanya.

Kisha ulimi wa Haidari ukasogea. Ukakitafuta kidole. Akameza.

Mwanabaraka akaanza kusema "alhamdulillahi" chini kwa chini na hakuacha. Maji ya muwa yakaanza kwenda kwa kikombe, kidogo, kisha zaidi. Jasho likakauka. Macho yakashuka kutoka yalikokuwa yamepotelea, yakazunguka dungu, yakamtambua mke, yakamtambua ndugu.

"Mbona mnanizunguka kama maiti?" Haidari aliuliza. Halafu akalamba midomo yake. Akailamba tena, na uso wake ukabadilika. "Hii ni nini mdomoni mwangu?"

Akageuza uso kuelekea nje.

"Jua liko wapi?"

"Juu, kaka," Mrisho akasema. "Liko juu bado."

Haidari alifumba macho. Muzdalifa alikuwa amekwisha kuleta sahani ya wali wa kiporo uliobaki daku. "Kula, Baba. Muwa ni wa kukuamsha tu, unakwisha upesi. Zile sindano mbili bado zimo ndani yako mpaka usiku. Wali ndio utakaokushika."

"Ondoa."

"Utaanguka tena."

"Ondoa sahani, Muzdalifa! Mmeniibia funga nikiwa sijijui, mnataka niimalize kwa mkono wangu mwenyewe?"

Alinyoosha mkono kuisukuma sahani, na akauona mkono wake. Ulikuwa umeanza upya kutetemeka. Aliutazama kama mtu anayetazama mlango ukifunguka peke yake. Katika dungu lile palikuwa na hofu ya kila mtu, ila hiyo ilikuwa yake, na ilikuwa mpya. Akachukua tonge. Akalitia mdomoni. Alikula wali wote, machozi yakimchuruzika hadi kwenye ndevu, na wote watatu wakageuza nyuso wasione.

Jua lilipozama, Mwanabaraka alitandika mkeka. Mrisho alifungua kwa maji na tende. Haidari alikaa nao, lakini hakugusa tende. Asiyefunga hana cha kufungua. Mrisho ndiye aliyeanza.

"Kaka, jambo limekwisha salama, Mungu ashukuriwe. Lakini halikwenda kwa adabu. Mtoto amenipita kwa nguvu, amevunja funga mbili, amekulisha mchana. Akuombe radhi, na mimi aniombe, tufunge mjadala."

Haidari aliinua macho. "Tangu nimebaleghe sijala mchana wa Ramadhani," alisema. "Hata mwaka wa njaa, tulipokula mizizi ya porini, nilifunga. Sisemi umenidhuru, mwanangu. Nasema umenivua nguo. Sema neno moja tu, nikupe radhi zangu, tulale."

"Liseme, mama," Mwanabaraka alimsihi. "Neno halikatwi kodi."

Mtoto asiye na radhi za baba hata kaburi humkataa. Muzdalifa alilisikia hilo tangu akiwa mgongoni, na aliliogopa kuliko kiboko. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, dogo, jepesi. Lakini alimwona Mrisho akilingojea. Akiliokota neno hilo leo, atasimama nalo juu ya ngazi siku nyingine, miguu ametanua, na kila mtu atakumbuka kwamba binti mwenyewe alikiri alikosa. Na siku hiyo hakuna atakayepita.

"Kesho hufungi, Baba," alisema. "Asubuhi tunavuka mto, tunakwenda kwa Nesi Theopista, umwambie mwenyewe habari ya sindano mbili. Somo la shanga nitalirudia toka mwanzo, maana uliondoka na nusu. Na ukianguka tena mchana, mwezi wowote, nitatafuna muwa."

"Sikukuuliza utafanya nini. Nimekwambia uombe radhi."

"Nimesikia, Baba. Siombi."